Siku Kerubo Alipolala Ibadani

Kerubo hakuwa mtu wa kukaa. Muulize yeyote katika kanisa lile la Wakenya linalokodi ukumbi wa shule kule Northfield, ughaibuni, atakuambia. Miaka miwili mizima hakuna aliyemwona ameketi wakati wa ibada. Viti alivipanga yeye, lakini kuvikalia hakuvikalia. Alipokea watu mlangoni, akawasha projekta, akapeleka watoto wa watu chooni, akachemsha chai ya maziwa kwenye lile birika kubwa la umeme, na mahubiri akayasikia vipande vipande akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa begani. "Kerubo hakai!" watu walisema, tena kwa sifa. Jamani, sisi watu wa kanisa tunajua kumsifu mtu mpaka kazi imuue.

Na tuna kosa moja ambalo ni letu kabisa, sijui kama makanisa mengine yanalo. Mtu akisema amechoka, hatumwambii akalale. Tunamwombea nguvu mpya! Tunamzunguka, tunamwekea mikono kichwani na mabegani mpaka anapinda mgongo, tunamkemea roho wa uchovu kwa sauti ya juu, halafu tukishasema amina tunamkabidhi orodha ya vyombo. Mwaka huo Kerubo alikuwa ameombewa nguvu mara tatu. Baada ya mara ya kwanza alipewa watoto wa shule ya Jumapili. Baada ya mara ya pili alipewa funguo za ukumbi. Baada ya mara ya tatu akawekwa katibu wa kamati ya maua, na maua yenyewe hatukuwa nayo.

Yeye alikubali yote. Wengine walidhani ni bidii ya wokovu, lakini bidii haikuwemo hata chembe. Ilikuwa hofu.

Kisa chenyewe ni hiki, na hakuwa amemwambia mtu. Kerubo alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Edgbaston, nyingi zikiwa shifti za usiku. Asubuhi moja, miaka miwili nyuma, alirudi chumbani kwake Sparkhill akiwa hoi, akazima sauti ya simu, akavuta blanketi. Aliamka saa nane mchana, akakuta amepigiwa mara kumi na nne na Eric, mdogo wake. Baba yao alikuwa amefariki hospitalini kule Kisii. Eric alimweleza baadaye kwamba mzee alikuwa akimwita kwa jina, Kerubo, Kerubo, anataka asikie sauti yake tu, na aliita hivyo mpaka akanyamaza. "Ulikuwa wapi, dada?" Eric aliuliza. Na Kerubo, kwa aibu, akadanganya. Akasema alikuwa kazini, bosi hakumruhusu kushika simu.

Tangu siku hiyo usingizi ukawa adui yake. Akilala, ni kwa saa mbili au tatu tu, simu kifuani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Na kanisani akajiwekea sharti: hatakaa kitini mbele za Mungu mpaka ajue amesamehewa. Atamtumikia Mungu amesimama mpaka Mungu mwenyewe aseme basi. Alingoja aseme. Jumapili hadi Jumapili alingoja, akiosha vikombe, na hakusikia kitu. Alichotaka mwanamke huyu ni kidogo tu, roho yake ipumzike, na alikuwa amefika mahali anaogopa kwamba haitapumzika kamwe.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa tano alitoka shifti ya usiku, akapanda basi moja kwa moja mpaka Northfield bila kupita nyumbani. Macho yalikuwa mekundu. Alifungua ukumbi, akapanga viti sitini, akajaza birika maji. Ibada ikaanza. Nyambura, rafiki yake, ndiye aliyekuwa anasoma matangazo siku hiyo, na alikuwa na mtoto wake mchanga, Kimani, miezi mitano, mtoto mwenye mapafu ya mnadi. Kimani alikuwa analia hadi matangazo hayasikiki.

"Nishikie huyu kidogo, aki ya Mungu," Nyambura alimnong'onezea mlangoni pa jikoni, akamtia mtoto mikononi na chupa ya maziwa juu.

"Nina chai kwa moto!"

"Na mtoto karibu na maji yanayochemka utamshikaje? Si ukae pale nyuma umpe maziwa! Dakika mbili tu."

Kerubo aliangalia birika, akaangalia mtoto. Huwezi kumnyonyesha mtoto chupa huku umesimama kando ya mvuke, hilo hata yeye alilijua. Akaenda kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na ukuta, akakaa kwenye ukingo tu. Kimani akaishika ile chupa, akatulia. Akawa mzito, mwenye joto, ananukia maziwa. Kerubo akaegemea kidogo ili mtoto alale vizuri. Matangazo hayajafika kwenye kamati ya maua, wote wawili walikuwa wamelala fofofo.

Yaliyofuata Kerubo alisimuliwa na Nyambura, na Nyambura akisimulia hapunguzi kitu. Kwanza projekta ilizimika na hakuna aliyejua inawashwaje. Shemasi mmoja alibonyeza kila kitufe, maneno ya wimbo yakatokea ukutani kichwa chini miguu juu, watu wakaimba huku wamepinda shingo. Watoto wawili walijifungia chooni. Chai ilitengenezwa na Mchungaji Jairus mwenyewe, mtu mwenye shahada mbili, ikatoka maji ya kijivu yenye huzuni. Na kila mmoja aliyekwama aligeuka nyuma kusema, "Kerubo yuko wapi?" kisha akamwona pale ukutani, mdomo wazi, anakoroma taratibu, akanyamaza.

"Tumwamshe?" akauliza shemasi, ibada ilipokwisha.

Mchungaji Jairus alimsimamia Kerubo na kikombe chake cha maji ya kijivu mkononi. 

"Tumemwombea huyu dada nguvu mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu," akina mama wakajibu.

"Na ni nani aliyewahi kumwambia aende alale?"

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Mimi simwamshi," akasema. "Na nikimwona mtu anamgusa, tutagombana."

Maneno mazuri, lakini kulikuwa na shida. Saa nane kamili ukumbi ule ni wa Wakongomani. Wanakodi baada yetu, na Wakongomani hawachelewi kuleta vyombo vyao: ngoma tatu, magitaa mawili, spika ndefu kumzidi mtu. Walipoanza kuingia walitukuta tumesimama mduara, tunaangalia mtu aliyelala.

"Amekufa?" akauliza mama mmoja wao kwa wasiwasi, mama mnene mwenye kitenge cha manjano. Jina lake lilikuwa Mama Nsimire, mzaliwa wa Bukavu, kiongozi wa akina mama kwao.

"Hapana, amechoka," Nyambura akasema. "Tangu baba yake afariki hajapumzika huyu. Samahani sana, Mama, tutamwamsha tumtoe sasa hivi."

"Mumuamushe ya nini?" Mama Nsimire alikasirika kabisa. "Mutu analala mu nyumba ya Mungu, munamutoa? Mumuache. Yeye iko mugeni wetu leo."

Na kwao mgeni ana mahali pake, mbele kabisa, kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Wanaume wanne wakakiinua kiti cha Kerubo, na Kerubo juu yake, wakambeba polepole katikati ya ukumbi huku Mama Nsimire akitembea mbele na kuwaambia "doucement, doucement," wasije wakamtikisa. Wakamweka mbele, wakakitandika kiti chake kitambaa cheupe, wakamfunika miguu kwa kitenge. Kichwa kiliangukia upande mwingine tu, akaendelea kukoroma. Nyambura, aliyekwisha kumtoa Kimani mapajani pa Kerubo, akampeleka nyumbani, akaacha ujumbe kwenye simu ya rafiki yake. Sisi wengine tukaenda zetu, na wengi wetu tukaenda kimyakimya.

Wakongomani walianza na mahubiri, Kerubo amelala, kisha wakajaribu kuimba kwa sauti ndogo. Walijaribu wimbo mmoja. Wimbo wa pili mpiga ngoma akasahau.

Kerubo aliamka kwa sababu sakafu ilikuwa inatetemeka. Alifungua macho, akaona viatu vinacheza. Akainua macho, akaona ukumbi mzima wa watu asiowajua, vitenge vya kila rangi, mikono juu, na yeye yuko mbele yao kwenye kiti cheupe kama bibi harusi. Amelala! Amelala tena! Akapapasa mfukoni, akatoa simu. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Aliogopa kuangalia, lakini akaangalia. Hakuna aliyempigia. Hata mmoja. Kulikuwa na ujumbe tu wa Nyambura: *Lala. Nakuja kukuchukua saa kumi na moja. Mtoto yuko sawa, chai imeharibika, hakuna aliyekufa.*

Aliusoma ujumbe ule mara tatu. Kisha mazoea yakamrudia, akaona aibu, akainuka haraka kuelekea jikoni akatafute hata vikombe vya kuosha. Hakufika hatua ya pili. Mama Nsimire alimzuia kwa tumbo lake lote.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kusaidia jikoni, Mama. Nimewalalia ukumbi wenu..."

"Mugeni wetu haoshake hata kijiko. Ikala chini." Na alipoona Kerubo anasitasita, akamshika mabega akamkalisha mwenyewe. Kerubo alikaa. Hivi hivi, bila mtoto wa kunyonyesha, bila sababu yoyote, macho makavu, akiwa mzima na mwenye nguvu zake, Kerubo alikaa kanisani. Hakujua aweke wapi mikono.

Nyimbo zilipokwisha, mchungaji wao, mtu mfupi mwenye suti ya samawati, akamgeukia huku anatabasamu. Kwao mgeni haondoki bila kusimama aseme jina lake na neno lolote lililo moyoni. Kerubo alisimama. Hili alilijua, Mkenya gani asiyejua kusalimu kanisa? Maneno yapo tayari mdomoni tangu utotoni.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Naitwa Kerubo. Nimeokoka, nampenda Bwana Yesu. Nawashukuru kwa... kwa kuniacha nilale."

Watu wakacheka vizuri, wakapiga makofi. Hapo ndipo salamu ilipaswa kuisha. Lakini lile neno, nilale, halikumruhusu kukaa. Na watu wale hawakumjua. Hawakuwa na habari ya birika wala funguo, hakuna aliyekuwa anamsubiri amalize ili ampe kazi. Walikuwa wanamwangalia tu kwa upole.

"Baba yangu alikufa nimelala," Kerubo akasema.

Mpiga ngoma akaweka fimbo zake chini.

"Aliniita. Simu ililia mara kumi na nne nami niko kitandani, nimeizima sauti. Watu wangu niliwaambia nilikuwa kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimelala. Na tangu siku hiyo namwomba Mungu anisamehe, nafanya kila kazi, nafanya, nafanya, na sijui kama amenisamehe, na nimechoka. Nimechoka sana." Akalia. Alilia kwa sauti kama mtoto, kamasi na yote, bila kujificha.

Ngoja nikuambie, kama ingekuwa kwetu tungekimbia mbele wote kumwombea nguvu. Wale hawakukimbia. Mama Nsimire peke yake ndiye aliyesogea, akavuta kiti, akakaa goti kwa goti naye, akamkalisha pia.

"Baba yako alikuwa anamwamini Yesu?" akauliza.

Kerubo akatikisa kichwa kukubali. "Sana."

"Aliita jina yako, hukuitika. Ile inauma, siwezi kukudanganya, mwanangu. Ingekuwa muzuri uitike." Mama Nsimire alimfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini unafikiri pale kitandani alikuwa na weye peke yako wa kuita? Weye ulilala sababu uko mutu. Ulifanya kazi usiku muzima, mwili ukasema basi. Yesu hakulala. Yeye alikuwa pale. Yeye njo alimushika mukono, yeye mwenyewe."

Kerubo aliacha kulia. Alimtazama yule mama kama hajaelewa, halafu akaanza kuelewa.

Miaka miwili alikiona kile kitanda cha hospitali kila alipofumba macho, na kila mara kilikuwa na mtu mmoja tu, baba yake, anaita hewani na hakuna anayejibu. Hakuwahi hata siku moja kumwona Yesu pale. Mwanamke aliyesimama kanisani miaka yote hiyo, aliyefungua mlango na kuufunga, alikuwa amemwacha Bwana nje ya chumba kile! Alidhani aliyekosekana ni yeye, na kwamba akikosekana yeye hakuna mwingine. Sasa akakiona chumba upya, akamwona baba yake hayuko peke yake, na kitu kilichokuwa kimekaza ndani yake kikalegea.

"Na msamaha?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Msamaha umelipiwa zamani, pale musalabani," akasema Mama Nsimire. "Weye unauoshea vyombo ya nini?"

Kerubo akacheka. Kilimtoka kicheko kikubwa katikati ya machozi, akajishtukia mwenyewe. Mama Nsimire naye akacheka, tumbo likatikisika, na mchungaji wa suti ya samawati akaona ameruhusiwa, akapaza sauti, "Haleluya!" Kumbe mpiga ngoma alikuwa anangoja neno hilo tu. Ukumbi ukalipuka. Walimwinua Kerubo, wakamweka katikati, na yule binti wa Kisii ambaye tangu msiba hakuwa ametikisa hata bega alivua viatu akacheza. Hakuzijua nyimbo zao. Alicheza hivyo hivyo. Alicheza vibaya, tukubaliane, alikuwa anakosa mdundo wazi wazi, na wale mabibi Wakongomani walikuwa wanamcheka huku wanampangusa jasho.

Baadaye walimpa sahani ya sombe, yaani kisamvu, na fufu, ugali wao wa muhogo, na samaki mkubwa. Alikula yote. Wakamwongezea, akala tena, na hakuuliza sahani zinaoshewa wapi.

Hivyo Nyambura alipokuja saa kumi na moja, na Kimani mkononi, alisimama mlangoni asiamini. Kerubo alikuwa amekaa. Amekaa vizuri kabisa, mgongo umeegemea, miguu peku imenyooshwa mbele, na simu iko sikioni.

"Ngai! Huyu ni Kerubo ama ni pacha wake?" Nyambura akasema.

Kerubo alimpungia mkono angoje. Kule Kisii giza lilikuwa linaingia, na Eric alikuwa amepokea simu kwa mlio wa pili.

"Eric, nina neno la kukuambia," Kerubo alisema. "Siku ile baba alipofariki sikuwa kazini. Nilikudanganya. Nilikuwa nimelala."

Kerubo alingoja. Aligundua kwamba anangoja bila kuogopa, kwamba hata Eric akikata simu, hata akimtukana, ataumia lakini hataanguka, kwa sababu aliyepaswa kumsamehe kwanza alikwisha kumsamehe.

"Miaka miwili, dada," Eric akasema mwishowe.

"Miaka miwili. Nisamehe."

"Unajua mimi huyo bosi wako nimemlaani miaka miwili? Kila asubuhi! Mtu wa watu hajafanya chochote!" Sauti ya Eric ilikuwa imejaa machozi, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine kinachotafuta njia ya kutoka. Alivuta pumzi. "Sasa sikiliza. Mama husema hulali siku hizi. Ni kweli? Umeanza kulala?"

"Leo. Nimelala saa nne nzima."

"Haya, Mungu ashukuriwe. Kitandani?"

"Kanisani," Kerubo akasema. "Wakati wa mahubiri."

"Kanisani! Dada! Mchungaji alisema nini?"

"Yupi? Nimelala mahubiri ya makanisa mawili."

Na hapo Eric akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka mpaka mama yao akasikika nyuma akiuliza kuna nini, na Kerubo akakaa pale kwenye kiti cheupe akiisikiliza sauti ya kicheko cha mdogo wake, ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi.